Kupe wa Sikio la Kulia

Kila asubuhi nikifika kazini, kitu cha kwanza ni kumlaza Afande kwenye saruji karibu na bomba la maji na kumtoa kupe. Afande ni mbwa. Walinzi ndio waliompa jina hilo kwa sababu anamkagua kila anayeingia getini kuanzia viatu, na kwa kuwa mimi ndiye ninayemlisha, kumwogesha na kumpigia soga, wakaniita Mama Afande. Nina watoto wawili niliowazaa mwenyewe, lakini pale kazini hakuna anayewakumbuka.

Ghala letu ni la matairi ya pikipiki. Ni jengo refu la mabati, kokoto pande zote, na uzio wa waya unaozunguka kiwanja kizima. Majani yameota chini ya uzio tu. Kwingine kokoto zimeyashinda. Doria ina kanuni moja ambayo hata mimi nisiyelinda naijua: mbwa hukaa mkono wa kushoto wa mlinzi, na mlinzi huzunguka uzio ukiwa kushoto kwake, ili mbwa awe karibu na waya anuse. Afande alifundishwa hivyo tangu mdogo. Ukimvuta aje kulia anakutazama kana kwamba umemtukana, kisha anarudi kushoto kwake. Kwa hiyo majani humgusa upande mmoja, na kupe humpanda upande huo huo: sikio la kushoto, bega la kushoto, kwapa la kushoto. Hivyo ndivyo nilivyozoea kumkuta tangu nianze kazi.

Nawatoa kwa kibano na kuwatia kwenye kopo lenye mafuta ya taa. Sifanyi mchezo na kupe. Mbwa aliyekuwepo kabla ya Afande alikufa kwa homa yao, mkojo umekuwa mweusi, na mimi ndiye niliyemshika kichwa.

Sasa, mimi ni mtu wa kushuku, wala sifichi. Muuza nyanya akinichekea sana, nyanya zake nazigeuza moja moja. Mume wangu husema siku nikifika peponi nitataka kwanza kuona kitambulisho cha malaika wa mlangoni. Akisema hivyo anacheka, nami nacheka, lakini kitambulisho nitataka kukiona.

Kwa hiyo asubuhi moja nilipokuta kupe kwenye sikio la kulia la Afande, mkono wenye kibano ulisimama hewani. Hawakuwa wakubwa. Walikuwa wale wachanga, wadogo kama pilipili manga iliyosagwa, wengi, wamejazana pamoja ukingoni mwa sikio. Nikamgeuza. Kushoto alikuwa na wake wa kawaida. Nikamgeuza tena kulia, nikapapasa bega, nikawakuta na hapo.

"Umepita wapi wewe?" nikamuuliza. Afande akanilamba kiganja akidhani anajibu.

Wiki hiyo daktari wa mifugo alikuja kumchanja, nikamwonyesha lile sikio. Ni mtu mpole, anayependa kuulizwa maswali. Akachuchumaa kwenye saruji na suti yake ya kazi.

"Kupe haruki wala hapai," akaniambia. "Anapanda jani mpaka nchani, anajishika kwa miguu ya nyuma, ya mbele anaikunjua hewani, anangoja. Kazi yake ni kungoja tu. Wewe ukipita ukaligusa jani, amekudaka."

"Na anajuaje kwamba kuna mtu atapita hapo?"

"Harufu. Pale mnyama anapopita kila siku, anaacha harufu na pumzi yake. Kupe wanajikusanya hapo hapo, pembeni mwa njia. Ukitaka kujua njia ya wanyama porini, tafuta kupe." Akaligeuza sikio kwa kidole. "Na hawa wadogo wametoka kwa mama mmoja. Mama alishiba damu, akaanguka chini, akataga mayai yake. Watoto wakaanguliwa pamoja, wakapanda jani moja pamoja. Ukiligusa jani la namna hiyo hupati kupe mmoja, unapata ukoo mzima."

"Wakishamkamata mbwa, wanaweza kumhama waje kwa mtu?"

"Wachanga hawa? Wakishauma wametulia mpaka washibe. Wanaokupata wewe ni wale ambao bado wako kwenye jani."

Nilimshukuru, nikambebea mkoba wake mpaka getini, na njia nzima nilikuwa natafuta kwa akili mahali kwenye kiwanja chetu penye majani ya kumgusa mbwa upande wa kulia. Palikuwa na mahali pamoja tu. Nyuma ya ghala, kati ya ukuta na uzio, kuna uchochoro uliojaa vyuma chakavu, na majani yameota huku na huku. Meneja alipiga marufuku mtu kupita huko tangu mlinzi mmoja alipochanika mguu. Doria ikifika pale inakata kona mbele ya vyuma na kuendelea. Basi kuna mtu alikuwa hakati kona.

Siku mbili baadaye yakahesabiwa matairi, yakakutwa pungufu.

Walinzi wa usiku ni wawili, na mbwa ni huyo huyo mmoja. Wa kwanza, kuanzia jioni hadi usiku wa manane, alikuwa mzee mmoja tunayemwita Mzee Kikohozi, kwa sababu anakohoa kabla ya kusema na mara nyingine hukohoa akanyamaza bila kusema. Wa pili, kuanzia hapo hadi alfajiri, ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Kijana huyo tunaishi naye nyumbani. Kazi hiyo nilimwombea mimi kwa meneja, baada ya yeye kukaa kwetu muda mrefu akila na kulala na kulalamika kwamba godoro lina mabonde.

Meneja aliwaita wote wawili. Shemeji akasema alikuwa ameingia nyuma ya ghala kuyatafuta, akakuta kofia tu juu ya vyuma, akaitoa mfukoni. Ilikuwa ya Mzee Kikohozi. Kila mtu aliijua, ukingo wake ulishonwa kwa uzi mwekundu. Mzee akaitazama, akakohoa, akanyamaza. Meneja alimngoja aseme, na alipoona hasemi, akamwambia aende nyumbani mpaka Jumatatu. Jumatatu angekuja polisi, na kama mzee angekuwa hana maelezo, angeondoka naye.

Na mimi nilishuku nini? Nilimshuku mzee. Mtu anayekohoa badala ya kujibu unamwekaje? Halafu alikuwa na mfuko mkubwa wa turubai anaokuja nao kazini na kuondoka nao, na hakuwahi kuufungua mbele yetu. Niliunganisha mfuko na kofia na sikio la Afande, nikaona hesabu imekubali. Nyumbani jioni niliwaambia, na shemeji akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mzee wa watu," akasema. "Tamaa tu."

 Mume wangu ni fundi wa pancha, ana kibanda nyuma ya soko, na jioni huwa amechoka. Alikuwa anamenya chungwa kwa kisu, ganda lote linatoka kwa mkupuo mmoja, watoto wakimtazama.

Alhamisi Mzee Kikohozi alikuja getini kuchukua chupa yake ya chai aliyoisahau. Mlinzi wa mchana hakumruhusu kuingia, akaniita mimi nimpelekee. Alikuwa amevaa shati la kazini, limepigwa pasi, kana kwamba anaingia zamu. Afande alimwona akaanza kulia na kujipigapiga mkia kwenye miguu yangu.

"Mama Afande," akasema mzee, "na wewe unaamini?"

"Mimi siamini wala sikatai, mzee wangu. Kofia ilifikaje kule?"

Akakohoa. "Kofia nilimwazima mtu siku ya mvua. Kule nyuma mimi sijafika tangu nichanike huu mguu. Hata nikilipwa siendi." Akavuta suruali juu kidogo, nikaona kovu limepanda kutoka kwenye kifundo, pana, linang'aa. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba mlinzi aliyechanika ndiye yeye.

"Ulimwazima nani?"

Alinitazama muda mrefu. Kisha akainama, akaingiza vidole kwenye waya wa geti, akamkuna Afande kichwani.

"Mlishe vizuri, mwanangu," akasema. Akachukua chupa yake akaondoka, na mfuko wake wa turubai ulikuwa wazi kwa mara ya kwanza. Ndani mlikuwa na blanketi na kitabu cha dini.

Huyo "mwanangu" hakunikaa vizuri. Mtu anayetaka kujitetea hutaja jina haraka. Mzee alikuwa amelishika jina mdomoni, akanitazama mimi, akalimeza. Kwa nini alimeze mbele yangu? Nilirudi bombani nikamlaza Afande, nikamsafisha kuliko nilivyowahi kumsafisha. Nilimwogesha kwa dawa, nikamchana, nikampekua vidole, mkia na masikio yote mawili mpaka akanuna. Jioni nilimwacha hana hata kupe mmoja. Mzee alikuwa kwake, na usiku wote mzima ulikuwa wa shemeji peke yake.

Ijumaa asubuhi sikio la kulia lilikuwa limejaa tena.

Nilikaa chini kwenye saruji iliyolowa, bila kujali sketi.  Si kwamba sikuwa nimeshafika huko kwa mawazo. Nilikuwa nimefika tangu mzee aliponiita mwanangu, ila nilikuwa nimejificha nyuma ya mbwa nikiomba awe msafi.

Meneja alipotoka kwenda benki nilivaa mabuti ya mpira nikaenda nyuma ya ghala mwenyewe. Mwanzoni huoni kitu. Unaona vyuma, mabati yaliyokunjamana, na majani yamefika magotini. Lakini nilikuwa nimeshaambiwa cha kutafuta, kwa hiyo nikainama mpaka macho yakawa usawa wa ncha za majani. Hapo ndipo nilipowaona. Huku na huku mwa kijinjia kisichofika upana wa futi mbili, kwenye ncha za majani, wamekaa kupe. Wakubwa walikuwa mmoja mmoja, miguu ya mbele imenyooshwa kama mtoto anayetaka kubebwa. Wachanga walikuwa kwenye mafungu, fungu zima kwenye ncha moja mpaka jani limeinama kwa uzito wao. Nilipopumua karibu nao, fungu lote likachangamka. Hatua moja nje ya kile kijinjia, kwenye majani yale yale, hapakuwa na kitu.

Walikuwa wamejipanga kando ya kijinjia chote, mpaka mwisho wake. Nami nikakifuata kwa macho mpaka huko: kwenye uzio, pale ambapo waya umekatwa ukafungwa tena kwa kipande cha waya mwembamba, kazi safi, kazi ya mtu anayejua kushika plaizi. Chini ya tundu, upande wa nje wa waya, majani yalikuwa yamelala mahali pawili, duara na duara, kama palipopiga magoti mtu. Na magoti hayo yalitazama ndani. Aliyeyapiga alikuwa ametokea nje.

Kwa hiyo walikuwa wawili. Mmoja anatoa, mwingine anapokea. Nilianza kupekua marafiki wa shemeji kichwani, yule mwenye meno ya mbele yaliyoachana, yule mwingine anayekuja kuomba chaja, na kila mmoja nikampa kesi yake.

Jumamosi tulikula wote mchana. Shemeji alikuwa ametoka kuamka. Kuna jambo nililokuwa nimeliona siku nyingi nikalipita: kijana huyu, ambaye hajawahi kuosha hata kijiko, siku hizi alikuwa anafua suruali yake ya kazi kule kule ghalani kabla ya kuja nyumbani, anakuja ameivaa mbichi. Nilikuwa nimemsifu kwa hilo. Nilikuwa nimewaambia na majirani.

"Shemeji," nikasema, "Afande unampitisha wapi usiku?"

"Njia ile ile." Alijibu kabla sijafunga mdomo.

"Hukati kona pale kwenye vyuma?"

"Nakata. Kwani vipi, shemeji?"

"Ana kupe upande wa kulia."

Akacheka. "Sasa kupe nao wana upande?" Halafu akamtazama kaka yake. Ilikuwa mara moja tu, jicho likaenda na kurudi kwenye sahani. Mume wangu akasukuma bakuli la mchuzi mbele.

"Mwache kijana ale, mama watoto. Hapa si kazini."

Nikamwacha ale.  Lakini lile jicho halikunitoka. Nikajiambia, ni mdogo wake, amemtazama kaka yake kama anavyofanya siku zote akikaripiwa. Nikajiambia hivyo nikiosha vyombo, nikajiambia tena nikianua nguo. Mtu mwenye tabia kama yangu anajua tofauti ya kushuku na kuogopa kushuku, na jioni ile nilikuwa naogopa.

Jumapili mchana watoto walikuwa wamekwenda kucheza kwa jirani na shemeji amelala. Mume wangu alikaa kwenye kigoda uani, suruali imekunjwa juu ya magoti, akijikuna. Alikuwa anajikuna tangu asubuhi. Nikamletea beseni la maji ya moto yenye chumvi, nikapiga magoti mbele yake kumwosha, kama ninavyofanya Jumapili akiwa amechoka, maana kazi ya pancha ni ya kuchuchumaa kutwa nzima na miguu humuwaka.

"Hapa," akasema, akanionyesha chini ya goti la kulia. "Sijui ni joto hili."

Niliona vidoa. Vyekundu, vingi, vimeshikana kuanzia gotini kushuka kwenye ugoko, na katikati ya kila kidoa palikuwa na nukta nyeusi. Nikalifuta goti kwa kitambaa. Nukta hazikutoka. Nikainama karibu, kama nilivyoinama kule nyuma ya ghala, na nukta moja ikatikisa miguu.

 Maji yalikuwa yanapoa.

"Ni kupe," nikasema.

"Kupe?" Akavuta mguu kidogo. "Basi umeniletea wewe. Si unashinda na lile jibwa lako?"

Lilikuwa jibu zuri. Mtu mwingine angelipokea. Nami, Mungu anajua, nililitaka lile jibu. Nililigeuza kila upande nikitafuta namna ya kuishi nalo. Lakini kupe niliowatoa kwa Afande huishia kwenye kopo, sare yangu huiacha kazini, na waliomuuma mbwa hawamwachi mbwa waje kwangu. Hata kama ningemletea mume wangu kupe, ningemletea mmoja, wawili. Hawa walikuwa ukoo mzima. Walikuwa wamengoja pamoja kwenye ncha ya jani moja, na goti hili ndilo lililowagusa. Na pale kibandani kwake nyuma ya soko pana saruji tupu, haliko hata jani.

"Baba watoto," nikasema, "kule nje ya uzio ulipiga magoti mara ngapi?"

Angekasirika ningepona. Angesimama akapiga beseni teke, akaniuliza kama nimerukwa na akili, ningemwomba radhi na kumwamini mpaka kesho. Lakini alitazama mlango wa chumba alicholala mdogo wake, kisha akashusha sauti.

"Ile shida ya kodi ya kibanda imeshapita. Nilikuwa nataka kuacha. Tumemaliza, hakuna tena."

"Na Mzee Kikohozi?"

"Yule ni mtu mzima. Hana mtoto wa kusomesha, hana mke. Watamshika siku mbili watamwachia." Akanishika bega, kwa upole, kama anavyonishika siku zote. "Sisi tuna watoto, mke wangu."

Niliitazama mikono yake. Naipenda mikono ile. Ni ya mtu anayeweza kumenya chungwa ganda lisikatike, na kukata waya wa uzio na kuufunga tena usionekane. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane nilimwogopa, wala si kwa sababu angenipiga, maana hajawahi. Nilimwogopa kwa sababu alikuwa amelifikiria lile jambo la mzee mpaka mwisho wake, kwa utulivu, akiwa amekaa nasi mezani.

Nilichukua utepe wa kunata wa madaftari ya watoto, nikaubandika gotini, nikaubandua. Kupe wakatoka nao, wamepangana kwenye utepe. Nikarudia mpaka goti likawa safi.

"Tupa motoni," akasema.

Nikatupa motoni. Sikuhitaji kumwonyesha mtu. Usiku huo tulilala kitanda kimoja, kila mmoja akimsikiliza mwenzake asivyolala.

Jumatatu asubuhi Mzee Kikohozi alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya meneja, amevaa lile lile shati lililopigwa pasi. Polisi mmoja alikuwa ndani anakunywa chai. Shemeji alisimama ukutani, mikono nyuma. Nilimleta Afande kwa kamba, mkono wangu wa kushoto, nikagonga mlango.

"Meneja, naomba nisikilizwe kabla ya mzee."

"Kuhusu nini, Mama Afande?"

"Kuhusu kupe."

Hakucheka. Alikuwa mtu wa kusikiliza, na polisi naye akaweka kikombe chini. Niliwaeleza kama nilivyoelezwa na daktari. Niliwaonyesha sikio la kulia. Niliwaambia Alhamisi nilimwacha mbwa msafi kabisa na Ijumaa nikamkuta hivi, na kati ya hapo mzee alikuwa kwake. Kisha nikawapeleka nyuma ya ghala, wote, tukachungulia usawa wa majani, nikawaonyesha kijinjia, tundu, na magoti. Chini ya mabati polisi akavuta turubai, na yakaonekana matairi mawili yaliyokuwa bado hayajavushwa.

Meneja alinigeukia. "Usiku wa Alhamisi alikuwa zamu nani?"

"Shemeji yangu."

"Unajua unachosema?"

"Najua."

 Shemeji alikuwa amenikodolea macho kama mtoto. Nilimpikia kijana huyu alipougua, nikamkatia na kucha. Polisi akamshika mkono juu ya kiwiko.

"Kofia niliiazima," shemeji akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Ni kweli niliiazima. Si mimi niliyefikiria kuiweka pale."

"Nani basi?" polisi akauliza. "Nani alikuwa nje ya uzio?"

Akafunga mdomo. Wakanitazama mimi. Sikuwa nimefika hapo katika mipango yangu. Nilikuwa nimejiambia nitasema ya mbwa, mzee aachiwe, na mengine yajiseme yenyewe. Hapo Mzee Kikohozi akakohoa, akasogea mbele na ule mguu wake.

"Inatosha, meneja," akasema. "Mama huyu amesema vya kutosha. Mimi nimeshasafishwa, sina dai jingine. Msimuulize tena."

Alikuwa amejua. Alijua tangu lile tukio la getini, na pengine kabla yake. Kama angetaja jina la kijana, wangemfuata kijana mpaka kwangu, naye aliona heri ashikwe kuliko kuvunja nyumba ambayo mimi nafagia. Mtu niliyemshuku kwa sababu ya blanketi na kikohozi. Alisimama pale ananipa njia ya kutoka, na nilihitaji kunyamaza tu. Ningerudi nyumbani nikapika.

Lakini nilikumbuka ile sauti ya Jumapili, ikisema yule ni mtu mzima, hana mke. Nikajua nikinyamaza nitakuwa naosha magoti yale kila Jumapili mpaka tuzeeke, nikitafuta juu yake nukta nyeusi.

"Namjua," nikasema. "Ni mume wangu."

 Afande alikaa chini, kushoto kwangu, akaanza kujikuna sikio.

"Yuko kibandani kwake," nikaendelea, maana ilibidi mtu aendelee. "Nyuma ya soko, mlango wa buluu. Hatakimbia, si mtu wa kukimbia. Ila naomba mwende sasa hivi, kabla shule haijatoka. Watoto wakitoka shule hupitia pale kumsalimia baba yao."